Kitufe cha ECO na mguu wa dereva

Kwenye yadi za magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam, neno moja la kijani limewasaidia madalali kufunga biashara nyingi. Mteja anakalishwa kwenye usukani wa Vitz au Fielder, gari linawashwa, linasogezwa kidogo, na herufi tatu zinawaka kwenye dashibodi: ECO. "Hili linanusa tu mafuta, bosi," anaambiwa. Mteja anaondoka akiamini amenunua gari lenye mtambo wa kubana matumizi. Mwezi haujaisha, yuko kwa fundi akilalamika kwamba taa inawaka kila siku na mshale wa mafuta unashuka vilevile.

Fundi mkweli atamweleza kwamba kwenye Toyota nyingi za aina hiyo, taa ile haiendeshi chochote. Kampuni ilianza kuisambaza kwenye magari yake ya otomatiki mwaka 2006, na kazi yake ni kutoa taarifa. Gia ikiwa kwenye D na dereva akikanyaga taratibu, inawaka, akichochea, inazimika. Ni ripoti ya mwenendo wa mguu, na dereva ndiye anayeamua kuifuata au kuipuuza.

Kitufe ni jambo jingine. Honda huandika ECON na kukipaka kijani. Toyota na wengine huandika ECO au ECO MODE. Mtu akikibonyeza, gari linabadilika tabia papo hapo. Wapo pia wanaoichanganya ECO na mfumo wa kuzima injini kwenye mataa, ule wenye alama ya herufi A iliyozungukwa na mshale. Vitu hivyo vitatu vinaweza kukaa kwenye gari moja, na kila kimoja kina faida yake na mipaka yake. Uchambuzi huu unahusu zaidi kitufe, kwa kuwa ndicho kinachosifiwa kupita kiasi na wengine, na kulaumiwa bure na wengine.

Wazo la gari linalomfundisha dereva wake ubahili ni la zamani kuliko kompyuta za magari. Baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973, Marekani iliweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88, kuanzia mwaka 1974. Huko Ujerumani, Volkswagen ilitoa mwaka 1981 magari ya Formel E yenye gia ya mwisho ndefu na taa ndogo iliyomwambia dereva kwamba muda wa kupandisha gia umefika. Lakini taa ya namna hiyo ilikuwa na udhaifu uleule wa taa ya Toyota: inashauri, na mguu unafanya utakavyo. Hata kama mhandisi angetaka kuingilia kati, asingeweza. Pedeli ya mafuta ilikuwa imefungwa waya wa chuma uliokwenda moja kwa moja hadi kwenye kilango cha hewa cha injini. Dereva akikanyaga sentimita tatu, waya unavutwa sentimita tatu.

Kilichofungua mlango ni kuukata waya huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, BMW ilianza kuuza gari la 7 Series lenye injini ya silinda 12 ambalo pedeli yake haikuunganishwa na injini kwa waya. Teknolojia hiyo iliposhuka hadi kwenye magari madogo, hali ikawa hii tuliyonayo leo: chini ya pedeli kuna sensa inayopima mguu umekwenda umbali gani, sensa inaipelekea kompyuta ya gari taarifa hiyo, na kompyuta inaamuru mota ndogo ifungue kilango cha hewa kwa kiasi inachoona kinafaa. Kwa maneno mengine, dereva hakanyagi tena mafuta. Anapeleka maombi ya mafuta.

Maombi yanaweza kupunguzwa, na kitufe cha ECO kimejengwa juu ya nafasi hiyo. Ndani ya kompyuta kuna jedwali linalosema mguu ukiwa hapa, kilango kifunguke hivi. Kitufe kinabadilisha jedwali. Kwenye hali ya kawaida, mguu ulioshuka robo ya safari yake unaweza kufungua kilango zaidi ya robo, kwa sababu watengenezaji wanapenda gari lionekane jepesi siku mteja anapolijaribu. Kwenye ECO, mguu uleule unapata kidogo, na nguvu inakuja polepole kadiri mguu unavyoshuka. Injini haijabadilika hata skrubu moja. Kwa kawaida, dereva akikanyaga hadi mwisho, magari mengi yanampa nguvu karibu yote iliyopo, ECO ikiwa imewashwa au la. Ndiyo maana ile kauli ya "gari limekufa nguvu" haina msingi wa kiufundi. Nguvu ipo, ila imewekwa chini zaidi kwenye pedeli.

Jedwali la pili linahusu gia boksi. Magari mengi madogo kutoka Japani yana gia za CVT, zile zisizo na hatua za moja, mbili, tatu. Mkanda wa chuma unapanda na kushuka kati ya puli mbili na kubadilisha uwiano bila kukatika. Kompyuta ikiwa kwenye ECO huiambia gia boksi iishushe mizunguko ya injini mapema na kuishikilia chini. Hapa ndipo penye akiba ya kweli, na inafaa kueleweka kwa nini.

Injini ya petroli hupoteza nguvu nyingi kwa kuvuta hewa kupitia kilango kilichofungwa nusu. Mizunguko ikiwa mingi na kazi ikiwa ndogo, sehemu kubwa ya mafuta inaishia kwenye msuguano na kwenye kuhangaika kuvuta pumzi. Mizunguko ikishushwa, injini inalazimika kufungua kilango zaidi ili itoe nguvu ileile, na hapo inapumua vizuri. Mizunguko 1,500 yenye kilango wazi hutumia mafuta kidogo kuliko mizunguko 3,000 yenye kilango kilichobanwa, hata kama matairi yanapata nguvu sawa. Madereva wa malori wa zamani waliijua kanuni hii kwa masikio kabla haijaandikwa kwenye kompyuta: pandisha gia mapema, acha injini ivute.

Kuna dhana moja inayofaa kuachwa hapa. Wapo wanaodhani kuondoka kwenye mataa kwa mwendo wa kinyonga ndiyo kubana mafuta. Si lazima iwe hivyo. Kuondoka kwa wastani, kufika kwenye mwendo unaotakiwa, kisha kuuachia mguu na kuutunza mwendo huo ni bora kuliko kukokota dakika nzima huku foleni ya nyuma ikipiga honi. Kinachoumiza ni kuondoka kwa fujo na kufunga breki mita 200 mbele.

Jedwali la tatu ni la kiyoyozi, na kwa jiji lenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, huenda ndilo lenye uzito kuliko yote. Kompresa ya AC inazungushwa na injini kwa mkanda, na kwenye gari dogo inaweza kudai kilowati moja hadi tatu kutegemea joto. Gari likiwa limesimama kwenye foleni ya Mandela Road, kazi pekee ya injini ni kujizungusha yenyewe na kuzungusha kompresa hiyo. Kwenye ECO, kompyuta huruhusu kompresa ipumzike kwa muda mrefu zaidi kati ya mizunguko yake, hupunguza kasi ya feni, na kwenye baadhi ya magari huelekea kuzungusha hewa ya ndani badala ya kuvuta ya nje yenye joto. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba siku ya joto kali, AC inaweza kupunguza umbali wa gari kwa lita kwa zaidi ya asilimia 25, hasa kwenye safari fupi. Abiria wa nyuma wa taksi ya mtandaoni anayelalamika kwamba hewa haitoshi mara nyingi analalamikia kitufe hiki bila kujua.

Kwa hiyo kitufe kinafanya kazi. Swali ni kwa nani.

Akipewa dereva mwenye mguu mwepesi, anayeachia pedeli mapema anapoona mataa mekundu, kitakachobaki ni ile akiba ya AC na kidogo ya gia boksi. Akipewa dereva mwenye papara, kitamtuliza, lakini kwa siku chache tu. Baada ya hapo mguu unajifunza. Anagundua kwamba akikanyaga zaidi anapata ule mwendo aliouzoea, na anakanyaga zaidi. Jedwali limebadilishwa, dereva naye amejibadilisha kulifuata, na hesabu ya mafuta inarudi palepale.

Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wakaongeza vitu vya kuzungumza na akili ya dereva. Honda Insight iliyoingia sokoni Japani Februari 2009 ilikuja na kitufe cha ECON pamoja na mwanga nyuma ya spidomita unaobadilika rangi: kijani kwa mwendo wa kiungwana, bluu kwa fujo. Juu yake ikaweka michoro ya mimea inayoota majani kadiri dereva anavyoendesha vizuri. Nissan ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2008 ilitangaza pedeli inayousukuma mguu wa dereva juu pale anapokanyaga kupita kiasi, na ikadai ingeweza kuokoa asilimia 5 hadi 10 ya mafuta kulingana na hali ya barabara. Mtu anaweza kucheka majani ya Honda. Lakini ni ukweli kwamba watu wazima wenye heshima zao huendesha kwa adabu ili jani lao lisianguke, na jambo hilo limebana mafuta kuliko hotuba nyingi.

Tatizo la magari haya yakifika Afrika Mashariki ni kwamba sehemu ya mazungumzo hayo inapotea. Dashibodi inaongea Kijapani, kitabu cha maelekezo ni cha Kijapani au hakipo, na dereva anabaki kubahatisha vitufe. Kinachovuka bahari bila kupotea ni ile namba ya matangazo: kilomita 24 kwa lita, kilomita 30 kwa lita. Honda Fit Hybrid ya mwaka 2010 ilitangazwa kwa kilomita 30 kwa lita, na namba hiyo hadi leo inatajwa na wauzaji wa Nairobi kana kwamba ilipimwa Thika Road.

Haikupimwa huko. Ilipimwa kwa utaratibu wa Kijapani ulioitwa 10-15, ambapo gari lililokwisha kupata moto linazungushwa kwenye roli za maabara kwa sekunde 660, likienda kilomita 4.16 tu, kwa mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa. Utaratibu uliofuata, JC08, uliongeza muda, ukaongeza mwendo hadi kilomita 81.6 kwa saa, na ukaingiza uwashaji wa injini ya baridi. Namba za magari zikashuka. Hakuna tuta, hakuna shimo, hakuna abiria wanne na gunia la mkaa. Mnunuzi asitarajie kitufe chochote kimrudishie namba ya maabara.

Barabara kuu ndiyo inayoonyesha vizuri mipaka ya kitufe. Gari likishafika mwendo wake na kuushikilia, adui ni upepo, na nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa mwendo. Hesabu ya gari dogo la kilo 1,100 lenye umbo la kawaida inatoa picha hii: kwenye kilomita 80 kwa saa linahitaji takriban kilowati 8 kusukuma upepo na msuguano wa matairi, kwenye 100 linahitaji takriban 13, kwenye 120 linapita 20. Dereva anayeshuka kutoka 100 hadi 80 anapunguza nishati ya kila kilomita kwa karibu robo. Kitufe cha ECO hakiwezi kufanya hivyo, kwa sababu hakimkatazi mtu kwenda 120. Kinamchelewesha tu kufika.

Barabara za Tanzania zina jambo lake jingine: kila kijiji kina kibao cha 50. Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Dodoma anapunguza na kuongeza mwendo mara nyingi mno. Kulitoa lile gari la kilo 1,100 kutoka 50 hadi 100 kunahitaji nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 318. Petroli ina karibu megajuli 32 kwa lita, na injini ikifaidi robo yake, kila kuongeza mwendo huko kunakula takriban mililita 40, mbali na za upepo. Vijiji 25 ni lita nzima. Lita hiyo haipotei kijijini. Inapotea kwenye breki. Dereva anayeona kibao kwa mbali na kuuachia mguu mapema anaitumia nishati hiyo kusogea mbele. Anayefika na 100 hadi chini ya kibao, kisha akakanyaga breki kwa kumwogopa askari, anaigeuza kuwa joto la diski.

Na hapo kwenye kuuachia mguu pana utaalamu unaowapita wengi. Gari la kisasa lenye nozeli za kielektroniki, mguu ukiachiwa kabisa huku gia ikiwa imeshika na injini ikizunguka juu ya kiwango fulani, hukata mafuta yote. Si kidogo, yote. Matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Dereva anayetoa gia na kuliacha gari lishuke lenyewe mlimani, akidhani anaokoa, analilazimisha kuanza tena kuchoma mafuta ili injini isizimike. Anatumia mafuta ambayo asingetumia, na amejinyima breki ya injini. Kwenye mteremko wa Kitonga, au ule wa Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, tabia hiyo kwa magari mazito imeshamaliza watu. Mteremkoni, hata kwa gari dogo, inafaa kuondoka kwenye ECO na D, na kuweka S, L au B, kulingana na gari, ili injini ishike. Mafuta hayatumiki na breki zinapumzika.

Kupanda nako ni hivyo hivyo. Kitonga haipandwi kwa ECO gari likiwa limejaa watu na mizigo. Kompyuta inang'ang'ania mizunguko ya chini, dereva anakanyaga kufidia, gia boksi inasita, inashuka, inasita tena. Hakuna akiba hapo. Kuovateki ni hatari zaidi: sekunde moja ya kusubiri gari liitikie, upande usio wako, basi linakuja mbele yako, ni ghali kuliko tangi zima la mafuta. Kitufe kizimwe kabla ya kutoka nyuma ya lori, si katikati.

Mfumo wa kuzima injini kwenye mataa, kwa upande wake, huku kwetu mara nyingi umekufa kimyakimya. Unahitaji betri maalumu inayovumilia kuwasha injini mara nyingi kwa siku. Zile za Kijapani zenye alama kama M-42 au N-55 zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Betri ya kwanza ikichoka, mwenye gari ananunua ya kawaida kwa sababu ya bei, na ama kompyuta inaona umeme hautoshi na kuacha kuzima injini, ama betri mpya inachoka mapema. Joto nalo linachangia: AC ikishindwa kutunza ubaridi, injini inawashwa tena kabla taa haijawa ya kijani.

Yapo pia mambo yanayokula mafuta ambayo kitufe hakiyaoni kabisa. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba kila pungufu ya psi moja ya upepo kwenye matairi yote hupoteza karibu asilimia 0.2 ya ufanisi. Tairi zilizopungua psi 10 zimeshafuta sehemu nzuri ya akiba ya ECO. Boksi kubwa juu ya keria linaweza kula asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Na uendeshaji wa fujo, kwa takwimu hizo hizo, hupunguza umbali kwa lita kwa asilimia 10 hadi 40 kwenye msongamano. Hakuna mtengenezaji anayethubutu kuahidi namba kama hiyo ya mwisho kwa kitufe chake.

Anayetaka kujua kitufe kinamfaa kiasi gani asiitegemee kompyuta ya dashibodi, ambayo mara nyingi hujipendelea. Ajaze tangi kwenye kituo kimoja, pampu ileile, hadi bomba lijikate lenyewe, arudishe kihesabu safari kwenye sifuri, na aendeshe njia yake ya kila siku hadi tangi likaribie kwisha. Ajaze tena kwa namna ileile, agawe kilomita kwa lita. Tangi moja ECO ikiwa imewashwa, jingine ikiwa imezimwa, AC ikitumika kwa namna ileile. Kwa usahihi zaidi arudie, maana wiki ya mvua na wiki ya likizo ya shule hazina foleni sawa. Tofauti ikiwa ndogo mno kuonekana, dereva huyo asisikitike. Maana yake ni kwamba mguu wake ulikuwa unafanya kazi ya kitufe tangu zamani.

Kwa mwenye gari la mjini, hukumu ni rahisi: ECO iwashwe na ibaki imewashwa kwenye foleni na mataa, izimwe mlimani na kabla ya kuovateki, na kwenye barabara kuu aangalie spidomita kuliko kitufe. Na kabla ya kumlipa dalali nyongeza kwa ajili ya neno la kijani, mnunuzi atafute kwanza kama kuna kitufe chenyewe, akibonyeze, akanyage, aone kama pedeli imebadilika. Isipobadilika, ananunua taa.